Picha Iliyotonesha Kidonda: Kisa cha Eric Meyer na Mapitio ya Mwaka 2014

Tarehe 24 Desemba 2014, mchana, Eric Meyer alifungua Facebook. Katikati ya habari za marafiki likamtokea tangazo la huduma ya mapitio ya mwaka, ile iliyokuwa ikikusanya picha zako za miezi 12 na kukutengenezea albamu ya kuwaonyesha wenzako. Tangazo lilibeba maneno yenye maana ya "Hivi ndivyo mwaka wako ulivyokuwa!" Pamoja na maneno hayo ilikaa picha ya binti yake, Rebecca, na kuizunguka picha hiyo walichorwa watu wa katuni wanaocheza, na mapambo ya sherehe.

Rebecca alikuwa amefariki miezi sita nyuma, tarehe 7 Juni, kwa saratani ya ubongo. Siku aliyofariki ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Alikuwa anatimiza miaka 6.

Meyer si mgeni kwenye kompyuta. Ni miongoni mwa wataalamu wanaojulikana sana duniani katika CSS, lugha inayoieleza kompyuta ukurasa wa tovuti uonekane vipi: rangi, ukubwa wa herufi, nafasi kati ya kitu na kitu. Watengeneza tovuti wa rika langu tulijifunza kazi kwa kusoma maelezo yake. Siku hiyohiyo aliandika makala fupi kwenye tovuti yake, na kichwa chake kwa Kiswahili ningekiweka hivi: ukatili wa algoriti usiokusudiwa, algoriti ikiwa ni hatua ambazo kompyuta huzifuata kufikia uamuzi. Alisema hakwenda kuitafuta huzuni mchana ule. Huzuni ndiyo iliyomfuata. Na alisema jambo ambalo wengi walioisambaza makala hiyo hawakulishika: kwamba hakukuwa na mtu aliyekaa kumkusudia ubaya. Msimbo, yale maagizo yanayoiendesha kompyuta, ulifanya kazi yake. Uliwafurahisha watu wengi, na kwa sababu hiyohiyo ukamuumiza yeye.

Nakichambua kisa hiki kwa sababu kina kitu ambacho ni nadra kukipata. Mwaka uleule, kwa mtoto yuleyule, kuna teknolojia nyingine iliyomkumbuka Rebecca, na hiyo baba yake aliipokea kwa moyo wote. Nitaifikia. Ukiviweka hivi viwili sambamba, huwezi tena kusema kwamba mashine haifai kugusa msiba. Inabidi utafute tofauti iko wapi hasa.

Mashine iliona nini

Huduma ya mapitio ilichagua picha kwa kuangalia mwitikio wa watu. Picha iliyovuta watu wengi ilihesabiwa kuwa muhimu. Hesabu hiyo si ya kijinga, na sipendi inavyobezwa. Picha ya Rebecca kweli ilikuwa na uzito kuliko nyingine zote za mwaka ule. Mashine ilipima uzito, ikaupata sawasawa. Ilichokosea ni aina ya uzito.

Kumbuka kwamba mwaka 2014 Facebook ilikuwa na kitufe kimoja tu, cha laiki. Vile vingine, vya kupenda sana, kucheka, kushangaa, kusikitika na kukasirika, vilikuja Februari 2016. Kwa hiyo mtu akiweka picha ya harusi yake, marafiki walibonyeza laiki. Akiweka picha ya mwanawe aliyefariki, marafiki walewale walibonyeza laiki ileile, kwa kidole kilekile, na hapakuwa na kitufe kingine cha kubonyeza.

Sisi tuna maneno mawili hapo, na mtoto anayatofautisha kabla hajajua kusoma: hongera na pole. Hayabadilishani nafasi kamwe. Anayemwambia mfiwa hongera anaonekana ama amelewa ama amekuja kwa shari. Kitufe kile kilibeba hongera na pole kwa pamoja, na kwa muda hakikuleta shida, kwa sababu aliyekuwa anakisoma ni binadamu. Alitazama picha, akasoma maneno yaliyo juu yake, akajua hizi laiki ni pole. Shida ilianza pale laiki zilipoingia kwenye hifadhidata, ghala la taarifa la kompyuta, kwa kuwa huko zinabaki namba tupu. Pole 200 na hongera 200 zikishafika huko zote ni 200, na anayekuja Desemba kuzisoma ni programu iliyoagizwa kutafuta namba kubwa.

Nimefanya kazi na majedwali ya aina hiyo na naweza kueleza jedwali moja linavyoonekana. Safu moja ina namba ya chapisho, ya pili ina tarehe, ya tatu idadi ya waliobonyeza, ya nne idadi ya maoni. Ukilipanga kwa safu ya tatu, kuanzia juu kwenda chini, unapata "mwaka wa mtu" ndani ya sekunde. Hakuna safu ya sababu. Aliyelibuni hakuiweka kwa kuwa hakuna aliyemwomba, na hata angeiweka, nani angeijaza?

Halafu kuna mapambo. Watu wale wa katuni walichorwa kabla, na mtu ambaye hakuweza kujua watakuja kuzunguka uso wa nani. Na albamu yenyewe, kwa wale waliokubali kuitengeneza, ilikuja na sentensi iliyokwisha kuandikwa kwa niaba yao, yenye maana kwamba umekuwa mwaka mzuri sana na asante kwa kuwa sehemu yake. Usipoibadilisha, ndiyo inayotoka kinywani mwako mbele ya marafiki zako. Hapa ndipo naona kosa kubwa la ubunifu kuliko hata lile la kuchagua picha. Kampuni ilikuwa na haki ya kuamini kwamba wateja wake wengi wamefurahi. Kuwasemea ni jambo jingine.

Meyer mwenyewe aliandika kwamba ndiyo, mwaka wake ulikuwa hivyo. Ulikuwa na uso wa binti yake ambaye hayupo tena. Nimerudi kwenye maneno hayo mara nyingi. Picha ilikuwa ya kweli. Sentensi ilikuwa ya kweli. Hata laiki zilikuwa za kweli, za watu waliomhurumia kwa dhati. Kilichosema uongo kwenye skrini ile ni katuni zinazocheza.

Bado

Kuna jambo dogo katika maelezo yake ambalo wachambuzi wengi hulipita. Meyer alikuwa ameshaiona huduma hiyo kwa marafiki zake siku kadhaa kabla, na aliepuka kutengeneza albamu yake. Alijua ndani yake kuna nini. Kwa maneno mengine, alishakataa. Lakini tangazo liliendelea kumjia, likibadilisha mapambo kila mara, na hakuona njia ya wazi ya kulizuia.

Kwa nini? Kwa sababu mifumo mingi ya kidijitali haina mahali pa kuhifadhi kukataa kwa mtu. Usipobonyeza, mashine haiandiki "hapana". Inaandika "bado". Bado hajabonyeza, basi mwonyeshe tena kesho, labda kwa rangi nyingine. Angalia vidirisha vinavyokuomba ruhusa kwenye simu yako: kitufe kimoja ni "Ndiyo", cha pili ni "Baadaye". Kwa kazi nyingi, kwa mfano kusasisha programu, "bado" inatosha. Kwa mtu aliyefiwa, "bado" inamaanisha mlango wake utagongwa kila siku na mgeni yuleyule aliyeleta ngoma.

Mapendekezo aliyoyatoa Meyer yalikuwa mawili, na ni mepesi mno hata yanatia uchungu. La kwanza: usiweke picha yoyote kabla hujajua kama mtu anataka kuziona picha za mwaka wake. La pili: muulize kama angependa kuonjeshwa kidogo kilichomo, ndiyo au hapana, akisema hapana, muulize kama aulizwe tena siku nyingine au asiulizwe kabisa. Ukiyatazama kwa jicho la msimbo, ni skrini moja na safu moja ya nyongeza kwenye jedwali. Gharama haikuwa ndiyo kizuizi. Kizuizi kilikuwa kwamba kila aliyekaa kwenye meza ya ubunifu alimfikiria mtumiaji aliyekuwa na mwaka mwema.

Mwaka si sanduku

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kisa hiki kinapogusa suala la muda wenyewe, ambalo naona linazungumzwa kijuujuu.

Kwa mashine, mwaka ni sanduku. Linafunguka Januari 1, linafungwa Desemba 31, na vilivyomo ndani vina hadhi moja: kila kimoja kina tarehe yake, na tarehe zote ni tarehe. Juni 7 iko mbele ya Juni 6 na nyuma ya Juni 8, basi. Kwa familia ya Meyer, Juni 7 haikuwa tarehe miongoni mwa tarehe. Ilikuwa mpaka. Kila picha iliyopigwa kabla yake ilibadilika maana siku ile, zote kwa mpigo, bila nukta hata moja ya picha kubadilika.

Fikiria picha ya mtoto anacheka uani, imepigwa Aprili. Mwezi Mei ni picha ya mtoto anacheka. Baada ya msiba ni moja ya picha za mwisho. Miaka mitano baadaye, kwa baadhi ya wazazi, inaanza tena kuwa picha ya mtoto anacheka, na machozi yanakuja pamoja na tabasamu. Kwa wengine hairudi kuwa hivyo. Faili ni lilelile siku zote. Kompyuta inajivunia kwamba inahifadhi kitu kama kilivyokuwa, na kweli inahifadhi. Kumbukumbu ya binadamu haifanyi hivyo: inakitengeneza kitu upya kila inapokitoa, kwa kukilinganisha na yaliyotokea baadaye.

Ndiyo maana hesabu ya mwitikio ni kipimo kinachochacha. Inarekodi picha ilimaanisha nini siku ilipowekwa, na inabaki hapo. Laiki za harusi hazifutiki ndoa ikivunjika. Laiki za kazi mpya hazipungui mtu akiachishwa kazi. Meyer aliwataja hao wote katika makala yake: waliofiwa, waliolazwa hospitali kwa muda mrefu, walioachana, waliopoteza kazi. Huo si mfano wa pembeni. Ukichukua watu wazima wowote na ukaangalia mwaka wao mmoja kwa uaminifu, wengi watakuwa na kitu humo ambacho hawataki kuvishwa kofia ya sherehe.

Na miezi sita na ushei ni muda gani? Kwenye hifadhidata ni siku mia mbili, data ya zamani kidogo. Kwa mzazi, kidonda bado kibichi. Tuna kitenzi kamili kwa kilichotokea siku ile: kutonesha. Kidonda hakianzi upya, hakuna jeraha jipya; kilichopo kinaguswa kabla hakijafunga. Sioni namna bora ya kueleza kosa la programu hii kuliko hiyo.

Rangi yenye namba 663399

Sasa ule upande mwingine.

Rebecca aliipenda zambarau. Alipofariki, watengeneza tovuti waliomfahamu baba yake walitafuta namna ya kusimama naye, na wakafanya kile ambacho watu hufanya wakiwa na majonzi: walichukua walichonacho mkononi. Walichonacho ni namba za rangi. Wakaanza kuandika kwenye mitandao 663399, ambayo kwenye skrini ni nyekundu kiasi cha 102, kijani 51 na buluu 153, kila moja kati ya 0 na 255. Ukizichanganya unapata zambarau iliyotulia, si ya kung'aa.

Kutoka hapo likazuka pendekezo: rangi hiyo iingizwe kwenye kiwango rasmi cha CSS, ipewe jina. CSS ina orodha ya majina ya rangi unayoweza kuyaandika badala ya namba, na mengi yametoka kwenye X, mfumo wa kuonyesha madirisha kwenye kompyuta wa miaka ya 1980. Jina lililopendekezwa kwanza lilikuwa beccapurple, kwa kuwa nyumbani mtoto aliitwa Becca.

Pendekezo halikupitishwa juu kwa juu. Lilipelekwa kwa Meyer, akaulizwa. Akakubali, lakini akaomba badiliko moja. Wiki chache kabla ya kufariki, binti yake alikuwa amewatangazia kwamba Becca ni jina la mtoto mchanga, na kwamba akishatimiza miaka 6 atakuwa msichana mkubwa na anataka kila mtu amwite Rebecca. Alifika miaka 6. Alikuwa nayo kwa saa zisizotimia 12. Kwa hiyo, alisema baba, jina ni Rebecca na haliwezi kuwa jingine.

Rangi ikaitwa rebeccapurple. Kikundi kazi cha CSS kiliikubali mwezi huohuo wa Juni 2014, na kabla mwaka haujaisha baadhi ya vivinjari vikubwa vilikuwa vinaitambua. Leo fungua ukurasa wowote unaoutengeneza, andika neno hilo penye rangi ya maandishi, na herufi zinageuka zambarau. Mwaka 2024 CSS ilipopata nembo mpya, rangi hiyo ndiyo iliyochaguliwa kuwa rangi yake.

Tazama kilichotokea pale kwenye kuuliza. Waliotoa pendekezo walikuwa na taarifa zote ambazo mtu wa nje angeweza kuwa nazo: jina, rangi, namba, nia njema. Taarifa zao zilikuwa sahihi hadi Juni 6. Kitu kimoja hawakuwa nacho, na hakuna hifadhidata iliyokuwa nacho: kwamba mtoto yule alikuwa amejipangia kukua, kwa tarehe maalumu, na tarehe ile ilikuwa imefika. Wangemwandika kama alivyokuwa. Baba alimwandika kama alivyotaka kuwa. Muda ulipita kati ya Becca na Rebecca, saa chache tu, na swali moja ndilo lililoupa nafasi muda huo kuingia ndani ya teknolojia.

Facebook nayo ilikuwa na nia njema. Naamini hivyo kabisa. Haikuuliza.

Zipo tofauti nyingine, ndogo kuliko hiyo lakini za kazi. Rangi haimfuati mtu. Imekaa mahali pake; anayeihitaji anaiendea, na hata Meyer akikutana nayo ghafla kwenye msimbo wa mtu, haiji na maelezo ya namna anavyopaswa kujisikia. Haina kichwa cha habari. Haina tarehe ya kuadhimisha. Ni jina lenye kazi, linafanya kazi kila siku mikononi mwa watu ambao wengi wao hawajui lilitoka wapi, na siku wanapojua, wanajua kwa sababu mtu aliwasimulia. Tena haitaondoka kirahisi. Huduma za mitandao ya kijamii hubadilishwa kila msimu, lakini jina likishaingia kwenye CSS linakaa, maana kuliondoa ni kuharibu kurasa zilizokwisha kulitumia. Ukitaka kuhifadhi kumbukumbu kidijitali, angalia kwanza kitu unachokifungia hiyo kumbukumbu kina sababu gani ya kudumu.

Waliyoyafanya baadaye

Jonathan Gheller, meneja wa bidhaa ile, aliwasiliana na Meyer na kumwomba radhi. Tarehe 27 Desemba Meyer aliandika tena, safari hii akisikitika kwamba makala yake imewashushia matusi wahandisi. Aliwatetea. Alisema tatizo la kufikiria tu yule mtumiaji mwenye furaha ni la taaluma nzima, yeye akiwemo. Sijui wangapi kati yetu tungekuwa na moyo huo wiki ileile.

Machi 2015 Facebook ilizindua huduma ya kila siku ya kukuonyesha ulichoweka tarehe kama ya leo miaka iliyopita, na baadaye ikaongeza mahali pa kutaja watu na tarehe usizotaka kuzikumbuka. Google Photos nayo, ilipoleta kumbukumbu zake mwaka 2019, iliruhusu kuficha watu na vipindi. Haya ni maendeleo na nayashukuru.

Lakini kaa na simu mkononi uyafuate kama mfiwa. Unafungua mipangilio. Unaingia ndani ngazi mbili, tatu. Unafika kwenye kisanduku kinachokuomba umtaje mtu usiyetaka kumwona. Unaanza kuandika jina lake, herufi ya kwanza, ya pili, na mfumo, kwa kukusaidia, unakuletea picha yake ndogo ya mviringo ili uthibitishe kwamba ndiye. Unabonyeza. Ili usitoneshwe, imekubidi ukitoneshe kidonda mwenyewe kwanza, na uape kwa kitufe kwamba humtaki. Hakuna mzazi anayetaka kuapa hivyo. Anachotaka kusema ni: si leo. Au: si kwa mapambo. Mipangilio haina lugha hiyo.

Wengine wanasema suluhisho ni mashine yenye akili zaidi, itakayotambua huzuni kwa kusoma maoni, ione maneno ya pole, iiondoe picha yenyewe. Napinga. Fikiria Meyer siku moja akiomba albamu ya mwaka 2014 kwa hiari yake, na mashine imlete mwaka usio na Rebecca kwa sababu imekadiria kwamba atalia. Hiyo si huruma. Ni kumfuta mtoto mara ya pili, na safari hii kimyakimya. Wafiwa wengi wanaogopa kusahau kuliko wanavyoogopa kulia. Meyer alitaka aulizwe. Hakuomba Rebecca aondolewe.

Sanduku la mwaloni

Kuna jaribio moja ninalopenda kuliweka kando ya kisa hiki. Mtafiti William Odom na wenzake walitengeneza kifaa walichokiita Photobox, sanduku la mbao za mwaloni lenye printa ndogo iliyofichwa ndani. Sanduku lilikuwa limeunganishwa na picha za mwenye nyumba zilizo kwenye Flickr, tovuti ya kuhifadhi picha, na kila mwezi lilichapa picha nne au tano hivi, kwa nasibu, kwa wakati ambao hakuna aliyeujua. Halikulia wala halikuwaka taa. Ukitaka kujua kama kuna picha, ufunue kifuniko. Walilikalisha kwenye nyumba tatu kwa miezi 14, na matokeo waliyachapisha mwaka 2014, mwaka uleule wa kisa chetu.

Watu walilipenda mwanzoni, kisha likawaudhi. Walitaka kuliharakisha, walitaka kulichagulia picha, na hawakuwa na namna. Baada ya miezi wakalizoea, wakaanza kulifungua wakiwa na matarajio, na picha moja ya miaka mingi nyuma ikawa habari ya mazungumzo ndani ya nyumba.

Photobox nalo lingeweza kuchapa picha ya marehemu. Nasibu haina macho. Hata hivyo naliona limekaa upande wa rangi ya Rebecca kuliko upande wa mapitio ya mwaka, na sababu ni kile kifuniko. Aliye nje ya sanduku anajua huenda ndani kuna kitu, na mkono wake ndio unaoamua ni leo au kesho. Picha ikitoka imenyamaza, haina sentensi juu yake. Ikiwa nzito, inarudishwa ndani, kifuniko kinafungwa, na haitamfuata jikoni. Karatasi ina adabu hiyo.

Skrini inaweza kuwa na kifuniko pia. Inahitaji mbunifu atake kukiweka, na akubali kwamba siku nyingine hakitafunuliwa, na kwamba kwenye ripoti ya mwezi siku hizo zitaonekana kama hasara.

Tangu nilipokisoma kisa hiki nimebadilisha namna ninavyokagua kazi. Ninapoletewa mchoro wa skrini yoyote inayohusu kumbukumbu, huwa umejazwa picha za mfano: vijana ufukweni, keki, mbwa. Ninaziondoa kabla sijasema lolote na kuweka picha moja ya mtu wa familia yangu aliyefariki. Kisha nasoma maneno yaliyo juu ya picha kwa sauti, mbele ya timu. Mara nyingi hakuna haja ya hoja. Mara ya mwisho maneno yalikuwa "Mlifurahi sana siku hii!" Nilisoma, na msichana aliyeyaandika akaomba mchoro urudishwe kwake. Jioni aliuleta tena. Maneno alikuwa ameyafuta, picha ameifunika, na juu ya kifuniko aliacha tarehe peke yake, na vitufe vitatu chini: fungua, siku nyingine, usiniulize tena.